Shajara ya kamera ya uani: Bigwa, Juni hadi Novemba

15 Juni 2024

Naandika lengo kwanza, ili mbele ya safari nisije nikajidai nilitaka kitu kingine. Nataka picha za ndege wanaoingia uani kwetu, hapa Bigwa, Morogoro, saa ambazo mimi sipo. Basi. Sitafuti ndege adimu. Juu kule msituni yupo chozi wa Loveridge, ambaye dunia nzima hapatikani ila kwenye milima hii ya Uluguru, na wapo watu wanaofunga safari kutoka mbali kwa ajili yake. Wacha wampandie mlima. Mimi nawataka shore, tetere, mnana, na yule dume mwenye mkia mrefu wa rangi ya chungwa anayekatiza kwenye mpera wetu kila asubuhi nikiwa natafuta soksi.

Kamera ya kawaida ninayo, Canon EOS 600D ya mtumba na lenzi yake ya 55-250, na Jumapili hukaa nayo dirishani jikoni hadi chai ipoe. Shida ni ajira. Natoka saa moja kasoro asubuhi, narudi jua limeshainama, na ndege hawana habari na ratiba ya ofisi.

Leo nimerudi kutoka Dar na vifaa, kwa treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria jana. Kwenye mfuko kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero 2 W, kamera yake (Camera Module 3), kihisi mwendo cha HC-SR501 na memori kadi ya GB 64. Ubao wenyewe ni mdogo kuliko kitambulisho cha taifa na una RAM ya MB 512 tu, lakini unaendesha Linux kamili na unakula umeme kidogo. Hilo la umeme ndilo lililoniuzia, maana mtambo utakaa nje na nataka uishi kwa sola.

22 Juni

Boksi limekamilika: chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula, tundu moja la lenzi lililofunikwa kwa kioo cha saa ya ukutani iliyokufa, silikoni pembeni, na ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Nimelipaka rangi ya kahawia. Mama watoto amelitazama akauliza kama limeshazikwa mara moja.

Jioni nimekaa na hesabu ya umbali, na hii naiandika kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyobadilisha mpango wote. Lenzi ya kamera hii inaona upana wa nyuzi 66. Ukiisimamisha sentimita 50 kutoka kwenye sahani ya maji niliyowawekea ndege, picha nzima inachukua upana wa sentimita 65 hivi. Picha ina pikseli 4608 kwa upana, kwa hiyo kila sentimita inapata pikseli 70. Shomoro wa sentimita 14 anapata karibu pikseli elfu moja, na unamhesabu manyoya. Rudisha boksi nyuma hadi mita mbili, shomoro huyohuyo anabaki na pikseli 250, picha ya kuonyeshea kwamba ndege alikuwepo. Lenzi ndefu za mamilioni kazi yake kubwa ni kukusogeza. Mtambo usio na harufu, usiokohoa na usioondoka unaweza kusogea wenyewe.

Fokasi nimeifunga. Programu inaipokea kwa dayopta, yaani moja gawanya kwa umbali wa mita, na sentimita 50 ni 2.0. Ukiiachia kamera itafute yenyewe, itashika ukuta wa nyuma huku ndege akimaliza kuoga.

30 Juni

Kuku. Kuku. Mtoto akifuata mpira. Kuku. Jani la mgomba. Kuku wawili.

Kihisi hiki hakioni mwendo kwa namna jicho linavyoona. Ndani yake kuna sehemu mbili zinazopokea joto la infraredi, na kinachokistua ni tofauti ya ghafla kati ya sehemu moja na nyingine, pale kitu chenye joto kinapokatiza. Asubuhi hizi za kipupwe kinafanya kazi nzuri. Ikifika saa nane mchana, ukuta umeshika moto, na chozi mwenye gramu chache hatofautiani vya kutosha na kilicho nyuma yake. Jani la mgomba lililopigwa jua, kubwa na linalopunga, linamshinda. Nimezungusha skrubu zake mbili, ya usikivu na ya muda, hadi vidole vikauma. Kupunguza usikivu kunawafuta ndege na kuwabakiza kuku.

Mwanangu wa darasa la nne, ambaye nimempa kazi ya kuchambua picha, ameanza kuwapa kuku majina.

7 Julai

Sabasaba, hakuna kazi. Nimekichomoa kihisi, na sasa kamera yenyewe ndiyo mlinzi. Programu ya Python inachukua picha ndogo za pikseli 320 kwa 240, zisizo na rangi, mara kadhaa kwa sekunde, na kulinganisha kila moja na iliyotangulia. Eneo lote limezibwa isipokuwa mviringo wa sahani. Kikibadilika kitu ndani ya mviringo, inapigwa picha kubwa. Mgomba upunge utakavyo. Sahani nayo nimeipandisha kwenye gogo la urefu wa kiuno, kuku wakabaki chini wakitazama.

Picha tupu bado zipo nyingi, kivuli kikipita au maji yakitikiswa na upepo. Sioni aibu. Kule Serengeti watafiti walisambaza kamera 225 kwenye kilomita za mraba 1,125, na katika seti milioni 1.2 za picha zilizochapishwa kama hazina ya data mwaka 2015, zenye mnyama ndani zilikuwa 322,653. Karibu robo tatu ni nyasi na upepo, na hao walikuwa na simba.

Aliyekuja kwetu leo: shore. Shore tena. Shore anayemfukuza shore.

27 Julai

Wiki tatu sahani imekuwa na wateja walewale, na nimetumia jioni nyingi kurekebisha programu, nikiamini kuna ndege inayowakosa. Kumbe programu haikuwa na neno. Hawakuwa wanakuja.

Kilichowaleta ni mpira wa dripu. Ndiyo, ule wa hospitali, kutoka duka la dawa, mpya kwenye nailoni yake. Dumu la lita tano limening'inizwa kwenye tawi la mpera, mpira umeshuka hadi juu ya sahani, na ile gurudumu ndogo ya kubana inakuwezesha kuamua tone lianguke kila baada ya sekunde ngapi. Maji yaliyotulia kwenye sahani ndege anayaona akiwa juu yake tu. Tone linaloanguka linang'aa, linatikisa uso wa maji na linasikika. Wakati huu wa kiangazi, makorongo madogo yakiwa yamekauka, sauti hiyo inafika mbali.

Nililifungua dumu asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Niliporudi, kadi ilikuwa na mnana wa manjano, chiriku, vile videge vya buluu vinavyotembea kwa makundi, tetere wawili, na kwa mara ya kwanza yule dume wa mkia wa chungwa, kachovya kifua tu akaondoka, mkia wote haukuingia kwenye picha. Chozi hawakutua kwenye sahani kabisa. Walikuja kwenye majani ya mpera yaliyolowa chini ya dumu, wakajisugua humo kama wanaojifuta kwa taulo. Ndivyo wanavyopenda kuoga, kwenye majani yenye maji, na sikuwa na kamera iliyoelekea juu. Nilimchukulia mmoja kwa Canon kutoka dirishani, ukungu mtupu.

Basi nalisema hapa, na nitalisema kwa yeyote atakayeniuliza aanzie wapi: aanzie kwenye dripu. Kompyuta itafuata mwezi wowote.

Mama watoto kauliza swali la haki: maji yaliyotuama nyumbani, na mbu wa dengi tunawajua? Mbu yule anapenda hasa vyombo vidogo kama sahani za maua. Yai lake linahitaji takriban wiki moja au zaidi kufika mbu kamili katika joto letu, kwa hiyo sahani inamwagwa na kusuguliwa kwa brashi Jumatano na Jumapili, bila kukosa. Kusugua ni muhimu kwa sababu mayai yananata ukingoni, kumwaga peke yake hakutoshi. Zamu ni ya mtoto, nami namkagua.

10 Agosti

Jirani yetu, mzee aliyestaafu reli, kanisimamisha getini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, lile dude lako linaangalia kwangu?"

Nimemkaribisha ndani nikamwonyesha picha kwenye simu: sahani, gogo, ukuta wetu, mwisho. Nimemwonyesha na sehemu iliyozibwa kwenye programu. Ningemwonyesha hata asingeuliza, na ingekuwa vyema nimwendee mimi kwanza kabla hajanisimamisha. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini ujirani una sheria yake ya zamani zaidi.

Mzee kaangalia picha za tetere kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akasema, "Huyu hainui kichwa." Nimerudia mfuatano mzima, na kweli. Shore anachota maji mdomoni, anainua kichwa yashuke kooni, anachota tena. Tetere anazamisha mdomo na kuyavuta moja kwa moja, kichwa chini, mpaka atosheke. Jamii nzima ya njiwa hunywa hivyo. Vitabuni limo, na nimelisoma. Kuliona kwenye picha zangu mwenyewe kulihitaji macho ya mtu aliyekaa barazani miaka mingi akiwatazama njiwa wake.

Akiwa anatoka: "Na komba je? Wale wanaolia kwenye mwembe wangu usiku, unawapata?"

Siwapati. Kamera hii usiku ni kipofu.

1 Septemba

Kwa hiyo sasa mitambo ni miwili. Zero 2 W ina nafasi ya kamera moja tu, na kubadilisha ule utepe mwembamba kila jioni ni kuualika ukatike. Ubao wa pili umekuja na kamera ya NoIR, ambayo haina kichujio cha infraredi. Mchana inatoa rangi za ajabu, majani yanageuka waridi, lakini usiku, ukiimulikia taa ya infraredi, inaona. Nimechagua taa za nanomita 850. Zipo za 940, ambazo jicho halizioni kabisa, ila kamera nayo inazipokea kwa unyonge. Hizi za 850 zina wekundu hafifu ukizitazama kwa karibu, na mpaka sasa sijaona mnyama aliyesita kwa sababu yake.

Na kile kihisi nilichokichomoa Sabasaba kimerudi kazini. Usiku ukuta umepoa, mnyama ana damu ya moto, kuku wamelala. Kinafanya kazi vizuri mno.

Umeme ndio umekuwa mgumu. Betri ni ya volti 12, Ah 7, zile za kwenye UPS, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Betri za risasi hazipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo za kutumia ni 42. Kila mtambo unakula kama wati 1.5 kwa wastani, mitambo miwili ni wati 3, saa 14 na betri imekwisha. Siku ya mawingu hatufiki asubuhi. Raspberry Pi nayo haina usingizi wa kweli: ukishaizima haijiwashi yenyewe, na njia rahisi ya kuiamsha ni kukata umeme na kuurudisha. Suluhisho limekuwa taima ya kidijitali ya volti 12. Ubao wa mchana unajizima wenyewe saa kumi na mbili na robo jioni, taima inaukatia umeme saa kumi na mbili na nusu, na saa hiyohiyo inauwashia wa usiku. Asubuhi kinyume chake. Wati 3 zimekuwa 1.5, na paneli ya wati 20 inatosha.

14 Septemba

Mambo ya usiku ambayo hakuna aliyeniambia: buibui hufunga utando mbele ya taa kila baada ya siku chache, na uzi mmoja uliomulikwa kwa infraredi unawaka picha nzima. Mjusi wa ukutani kagundua kwamba taa inavuta wadudu, sasa anakaa juu ya kioo cha lenzi akisubiri chakula. Nina mkusanyiko mzuri wa matumbo ya mijusi. Nyigu wameziba tundu la waya kwa udongo, na hao nimewaacha, wamefanya kazi bora kuliko silikoni yangu.

21 Septemba

Komba!

Saa nne na dakika chache usiku, juu ya ukuta kati yetu na mzee. Macho mawili meupe kabisa, kwa kuwa nyuma ya retina ana utando unaorudisha mwanga, kisha mkia mnene, kisha hakuna. Picha ya pili ana mkono mmoja kwenye tawi la mpera. Ya tatu ni tawi linalotikisika. Tunavyowasema, mlevi kama komba, na watu kweli huwategea kwa tembo la mnazi. Huyu wetu alikuwa na akili timamu na haraka.

Nimempelekea mzee picha asubuhi. Katoa miwani, kasema ndiye, kaniomba niichapishe. Iko sebuleni kwake sasa, imeegemezwa kwenye redio.

13 Oktoba

Nani anakula pumba za kuku usiku? Tulidhani panya wa kawaida, na fundi wa jirani alishapendekeza sumu. Nimeigeuza kamera ya usiku ikatazama banda.

Ni panya buku, mkubwa kwelikweli, mkia nusu mweusi nusu mweupe. Katika mfuatano wa picha anaokota punje za mahindi na kuzisunda mashavuni hadi kichwa kinapanuka, anaondoka, anarudi mashavu yakiwa matupu. Hazili palepale. Anahamisha ghala.

Mahali pengine pangekuwa na mjadala, ila hii ni Morogoro. Hapa mjini shirika la APOPO linawafundisha panya wa jamii hii kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, chini ya milima hiihii na kwa ushirikiano na SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Magawa, aliyezaliwa Tanzania 2013 na kufunzwa hapa, aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 kule Kambodia, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa nishani ya dhahabu. Mwanangu alilijua jina hilo kabla yangu, akalitaja mezani, na habari ya sumu ikaishia hapo. Pumba sasa zinafungiwa kwenye ndoo yenye kifuniko. Anakuja, ananusa ndoo, anaondoka.

Nilikuwa nawaza leo kuhusu kamera za namna hii kule Udzungwa, milima jirani. Mwaka 2005 mtafiti Francesco Rovero alipata kwenye mojawapo picha ya sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, huyu akiwa na uso wa kijivu, ambaye hakuwa kwenye kitabu chochote. 2008 akatangazwa spishi mpya, *Rhynchocyon udzungwensis*. Mnyama wa karibu gramu 700, wa mchana, alikuwa hajulikani kwa sayansi hadi boksi lililofungwa kwenye mti lilipomwona. Sisemi uani kwetu kuna spishi mpya. Nasema tu panya buku alikuwa akila pumba zetu muda wote huo na sisi tunalaumu mwingine.

27 Oktoba

Kazi ya ndani, ya kuchosha, kwa ufupi. Picha za usiku sasa zinapita kwanza kwenye MegaDetector, programu ya kutambua wanyama pichani, kwenye laptopu. Inatenga zenye mnyama, zenye mtu na zisizo na kitu. Spishi haitaji, hiyo ni kazi ya mtoto na mzee, ambao wana ubishi mrefu kuhusu aina za mnana. Zenye mtu zinafutwa zote bila kufunguliwa. Kadi inakaguliwa Jumamosi tu. Nilipokuwa naichungulia kila jioni kupitia Wi-Fi, chakula kilikuwa kinapoa na watu nyumbani wanajua kunyamaza kwa namna inayosikika.

17 Novemba

Mvua za vuli zimeanza kushika. Boksi halijavuja, ila kioo kwa ndani kinapata ukungu alfajiri hadi saa tatu, vipakiti vya viatu vimeshiba. Nimevikausha kwenye kikaango moto ukiwa mdogo, vikarudi kazini, na nitafanya hivyo kila wiki hadi Januari.

Sahani imepoteza wateja. Majani yote ni maji, kila shimo la barabara ni bwawa, dripu haimshtui mtu. Wiki nzima: shore mmoja, chura mmoja kwenye sahani (sijui alipandaje gogo), na kuku aliyejifunza kuruka.

Walipo sasa ni kwenye mpapai wa nyuma ya jiko. Mapapai matatu yameiva juu, moja limeshatobolewa, na asubuhi kuna kelele huko. Kamera ya mchana inahamia Jumamosi. Nimeshapima: kutoka kwenye mti wa waya za kuanikia hadi kwenye papai lililotobolewa ni sentimita 80, kwa hiyo fokasi itakuwa 1.25. Mama watoto anataka kujua nguo zitaanikwa wapi. Hilo bado tunalijadili.